Kumwagilia bustani ya jangwani mwaka mzima: badilisha siku, usibadilishe saa

Dakika kumi za maji kila jioni hulowesha sentimita chache tu za juu. Mizizi hubaki hukohuko juu, kwenye udongo unaochemka mchana, na kila maji yanapokauka huacha chumvi yake palepale. Mti uliozoeshwa hivyo hunyauka taima (saa inayofungua na kufunga maji yenyewe) ikigoma siku mbili tu, na upepo mkali huung'oa kirahisi. Dawa yake ni kumwagilia kwa kina, kisha kuacha udongo ukauke kabla ya kurudia. Muda wa kufungulia maji ni uleule mwaka mzima; msimu unabadilisha idadi ya siku za kusubiri.

Hatua ya 1: Tenganisha mistari

Miti iwe na valvu yake, vichaka valvu yao, na dungusi kakati pamoja na jamii ya mkonge valvu yao. Ukiviweka pamoja, lazima kimoja kizame au kingine kife kiu. Weka chujio na kidhibiti presha kabla ya bomba la matone, yaani bomba lenye vichwa vidogo vinavyodondosha maji polepole. Mifumo mingi hii inataka presha ya bar 1.5 hadi 2, na ikizidi vichwa vya matone huchomoka. Vinyunyizi vya kurusha maji hewani sivipendekezi kabisa jangwani: upepo na jua hula sehemu kubwa kabla maji hayajafika chini, na majani yanayoloweshwa kwa maji ya chumvi huungua.

Mche mpya unataka vichwa vya matone karibu na shina, juu ya bonge la udongo uliotoka nalo kitaluni. Kadiri unavyokua, visogeze nje mpaka ukingo wa matawi na kupita kidogo, kisha uongeze idadi. Mti wa miaka mitano wenye vichwa viwili vilevile vya siku ya kupandwa ni mti wenye njaa, hata taima iende usiku kucha.

Hatua ya 2: Tafuta muda wa kufungulia kwa nondo

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiipite haraka.

Malengo ya kina ni haya: sentimita 30 kwa dungusi kakati na mimea ya kutambaa, 60 kwa vichaka, 90 kwa miti. Kwa makadirio ya kuanzia, kichaka chenye upana wa mita 1 kwenye udongo wa tifutifu kinahitaji kama lita 35 kwa mkupuo. Kikiwa na vichwa vitatu vya lita 4 kwa saa, hiyo ni saa 3. Mti wenye matawi ya upana wa mita 3 unaweza kutaka lita 400 na zaidi, ndiyo maana vichwa vyake viwe vingi na vya lita 8 kwa saa. Udongo wa mchanga hushika maji machache zaidi: punguza lita, ongeza mara.

Sasa pima. Chukua nondo laini ya milimita 10, urefu wa sentimita 120, ikunje juu upate mpini, na uitie alama kwenye 30, 60 na 90. Mwagilia, kisha subiri mpaka kesho yake, kwa sababu maji huendelea kushuka baada ya valvu kufungwa. Ukipima palepale utapata kina cha uongo, uongeze muda bure. Sukuma nondo kwa uzito wa mkono tu, bila nyundo. Kwenye udongo mbichi inateleza. Ikifika pakavu inasimama. Soma alama. Ikisimama ghafla kwa mlio, umegonga jiwe: sogea shubiri moja ujaribu tena.

Pima sehemu tatu: chini ya kichwa cha matone, katikati ya vichwa viwili, na ukingoni mwa matawi. Kama chini ya kichwa nondo inafika 90 lakini katikati inakwama 20, usiongeze saa, ongeza vichwa. Kaa mbali na shina usije ukatoboa mizizi minene, na ujue bomba limepita wapi.

Tahadhari mbili. Kwenye mchanga mtupu nondo huteleza hata pakavu, kwa hiyo chimba shimo jembamba ukamate udongo kiganjani: ukishikana kidogo na kuacha ubaridi mkononi, maji yamefika. Na kwenye mfinyanzi maji hufurika kabla hayajazama. Gawa muda: fungulia dakika 45, pumzisha saa moja, rudia, yote siku hiyohiyo. Kugawa huko kwa siku tofauti hakusaidii. Nusu mbili za juujuu hazifanyi mkupuo mmoja wa kina.

Nondo ikigoma kila mahali kwenye kina kilekile, huenda kuna tabaka gumu la chokaa. Chimba shimo hadi hapo, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Yakishuka pungufu ya sentimita 10 katika muda wa saa 4, vunja tabaka kwa sururu mpaka litoboke, au panda mahali pengine.

Hatua ya 3: Kalenda

Hizi ni siku kati ya maji na maji, kwa mimea ya jangwani iliyokwisha kushika. Mchanga uelekee namba ndogo, mfinyanzi namba kubwa.

- Miti: joto kali 7–21, miezi ya katikati 14–30, baridi 30–60.
- Vichaka: 7–21, 14–30, 30–45.
- Dungusi kakati na jamii ya mkonge: 14–30, 21–45, baridi uache kabisa, isipokuwa vikianza kusinyaa.

Michungwa na milimau haimo humo. Wakati wa joto kali inataka maji kila siku 7–10. Miche mipya nayo ina ratiba yake: wiki mbili za kwanza za joto kila siku moja au mbili, kisha refusha taratibu. Panda joto likishaanza kupungua, mizizi ipate miezi ya kushika.

Mmea ukilegea saa nane mchana, usikimbilie valvu. Angalia alfajiri: ukiwa umesimama, ulikuwa unajikinga na joto tu. Ukiwa bado umelegea, ingiza nondo kwanza, maana mizizi iliyooza kwa maji mengi hulegeza majani vilevile.

Hatua ya 4: Chumvi

Ncha na kingo za majani ya zamani zikigeuka kahawia, na duara jeupe likionekana juu ya udongo, chumvi imerundikana ukingoni mwa eneo linaloloa. Mara moja au mbili kwa mwaka fungulia maji mara mbili ya muda wa kawaida, yaisukume chini ya mizizi. Usifanye hivyo mahali pasipopitisha maji, wala kwenye mstari wa dungusi kakati wakati wa baridi.

Manyunyu mepesi yana hatari wengi wasiyoijua: huirudisha chumvi ya ukingoni kwenye mizizi. Yakinyesha, usizime mfumo. Fungulia mpaka kina kamili. Zima tu kama nondo inaonyesha mvua yenyewe imefika chini. Na kama nyumba ina mashine ya kulainisha maji kwa chumvi, toa bomba la bustani kabla ya mashine hiyo.

Hatua ya 5: Matandazo na kupogoa

Matandazo sentimita 5–8, yasiguse shina. Karatasi ya plastiki chini ya kokoto usiiweke. Inazuia maji na hewa.

Usipogoe sana katika joto kali, kwani gome lililokuwa kivulini huungua na jua. Matawi yaliyounguzwa na baridi yaache hadi hatari ya jalidi (baridi ya kugandisha) iishe, hata yakichukiza macho. Usiku wa jalidi funika kwa kitambaa, na asubuhi ukifunue.

Hatua ya 6: Kabla ya joto kurudi

Osha chujio, fungua ncha za mabomba maji yasukume uchafu nje, badilisha betri ya taima, kisha tembea mstari mzima maji yakiwa wazi. Kichwa cha matone kilichoziba kwa chokaa kitupe uweke kipya. Kukitoboa kwa sindano hubadilisha kiasi kinachotoa, na hesabu zako zote za saa zinavurugika.