Jinsi ya Kuomba Fidia ya Bima kwa Ndugu Aliyeumia Kichwa Barabarani

Katika barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya hadi Tunduma, ambako malori ya Zambia hupishana na bodaboda usiku na mchana, si ajabu majeruhi akainuka, akajipangusa vumbi na kusema kwamba ni mzima, kisha kesho yake akaanza kutapika. Ubongo huweza kuumia bila ngozi ya kichwa kuchanika, na damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu huweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuleta madhara. Maelezo haya yanawalenga ndugu, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huenda asikumbuke hata ajali yenyewe.

Mpelekeni hospitali mara moja ikiwa alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kumuuma, mboni moja ni kubwa kuliko nyingine, amepata degedege, upande mmoja wa mwili umelegea, damu au majimaji meupe yanamtoka puani au masikioni, au anarudia swali lilelile ambalo amekwisha kujibiwa. Jihadharini zaidi na aliyekuwa amekunywa ulanzi, maana usingizi wake husingiziwa pombe, akaachwa alale hadi asubuhi. Daktari akishuku damu ndani ya fuvu, atampa rufaa kwenda kwenye kipimo cha CT scan, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Matibabu yakiendelea, ndugu mmoja aende kituo cha polisi kutoa taarifa na kuchukua fomu namba 3, yaani PF3. Daktari huijaza kwa kueleza majeraha aliyoyaona siku hiyo, na hapo ndipo madai mengi ya kichwa huharibikia: fomu iliyoandikwa kwamba mtu alichubuka paji la uso haiwezi kueleza usahaulifu, hasira za ghafla au kushindwa kuhesabu chenji, mambo ambayo hujitokeza wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo mrudisheni kliniki akiwa na mtu anayeishi naye, mabadiliko hayo yaandikwe katika faili lake, kisha ombeni ripoti ya daktari inayoyataja yote pamoja na kiwango cha ulemavu, kama upo.

Bima ya lazima ya chombo cha moto hufidia watu wengine walioumizwa na chombo hicho. Andikeni barua ya madai kwa kampuni iliyokikatia bima chombo kilichosababisha ajali, mkitaja tarehe, mahali, namba ya usajili na madhara yaliyopatikana. Ambatisheni nakala za PF3, ripoti ya daktari, stakabadhi za matibabu na nauli, ripoti ya polisi yenye mchoro wa eneo la ajali, kitambulisho, uthibitisho wa kipato, na nakala ya hukumu iwapo dereva alitiwa hatiani. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kampuni ikileta hati ya kukubali malipo, msiisaini kabla daktari hajasema hali ya mgonjwa imetulia, kwa sababu saini hiyo kwa kawaida hufunga madai yote, hata ya kifafa kitakachokuja baadaye. Kwangu mimi hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote.

Aliyeumia akiwa kazini, mwajiri wake anapaswa pia kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Madai yakikataliwa, lalamikeni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au fungueni shauri mahakamani, mkikumbuka kwamba ukomo wa madai ya madhara ya aina hii ni miaka 3. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake kuhusu watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure.