Kabla ya kupiga gari rangi majira ya Kusi

Asubuhi ya mwezi wa saba, kabla hujafungua kopo lolote, pitisha kidole kwenye boneti. Kikiacha mstari, bati limelala na umande na halifai kuguswa na rangi mpaka jua lipande. Hapa Malindi ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20, hata upepo wa Kusi ukivuma usiku kucha. Baridi yenyewe haitukwamishi kama inavyowakwamisha mafundi wa Ulaya, ambao fila yao (ule mchanganyiko mzito wa kujazia mabonde ya bati) hugoma kukauka karakana ikiwa chini ya nyuzi 10. Sisi tunakwamishwa na maji yaliyomo hewani. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 85 huacha umande juu ya chochote kilichopoa mpaka nyuzi 22, na bati lililolala nje hufika hapo bila taabu. Ili rangi ishike, bati linatakiwa liwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya hapo. Kama huna kipimo, futa mlango kwa kitambaa chenye maji kidogo, utazame saa. Alama isipokauka kwa robo saa, ngoja.

Kisha chumvi. Gari la mtu anayeishi karibu na bahari linakuja karakana limepakwa chumvi hata kama linang'aa. Lioshe kwa maji matamu ya mfereji au ya mvua, maana visima vyetu vingi vina maji ya chumvi na utakuwa unaongeza kile unachokiondoa. Chumvi ikifungiwa chini ya praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati, huvuta maji kupitia rangi, na baada ya muda mlango unatoka vipele.

Fila ndiyo inayoharibiwa zaidi majira haya, na mara nyingi ni kwa nia njema. Fundi anaona mawingu, anaongeza hadena, dawa ya kugandisha fila, ili kazi iende haraka. Kipimo cha kawaida ni gramu 2 hivi za hadena kwa gramu 100 za fila, na kwa joto letu kinatosha. Ukizidisha, ile hadena iliyobaki haina kazi ya kufanya ndani ya fila, inapanda juu na kutia doa kwenye rangi. Nilipoanza kazi niliwahi kukabidhi gari jeupe ambalo wiki chache baadaye lilirudi na doa la manjano kwenye madigadi, umbo lile lile la fila niliyoipaka. Ilibidi nikwangue yote mpaka kwenye bati. Jambo jingine: usipige fila msasa wa maji. Fila inakunywa maji kama sifongo, na hayo maji hayatoki tena ukishayafunika. Msasa wa maji uje baadaye, juu ya praima. Na bati ulilolikwangua leo lipate praima leo. Ukiliacha usiku mmoja tu na hewa ya bahari, utalikuta na kutu.

Kompresa nayo hutengeneza maji yake, kwa sababu hewa ikibanwa na kupoa ndani ya tangi huacha unyevu wake humo. Fungua koki ya chini asubuhi na jioni, na siku za masika hata mchana. Chujio la maji lifungwe karibu na bunduki ya kupulizia rangi.

Kwa rangi za NC (laka ya nitroselulosi, inayokauka thina ikiruka tu), weka kando thina, yaani kiyeyusho cha rangi, inayokauka haraka. Inaporuka hupoza bati ghafla, umande unatua juu ya rangi mbichi, na laka inakuwa nyeupe kama tui. Tumia thina ya polepole na upake nyembamba nyembamba.

Sasa lile ninaloomba lisipuuzwe na yeyote. Mvua ikinyesha tunashusha turubai pande zote, na hapo ndipo mtu hufikiria kuwasha jiko la makaa ili gari likauke. Usifanye hivyo. Mvuke wa thina hulipuka kwa cheche moja, na makaa ndani ya banda lililofungwa hutoa moshi usioonekana unaoua mtu akidhani anasinzia tu. Rangi za 2K, zile za kuchanganya sehemu mbili, zina hadena yenye kemikali iitwayo isosayaneti, ambayo huweza kuleta pumu isiyopona, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inatakiwa barakoa ya mpira inayobanana na uso, yenye vichujio vya mkaa, au bora zaidi ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kijana anayejifunza kazi aipate kabla hajashika bunduki. Kama iko moja tu, asiyeivaa akae nje, upande unakotoka upepo.

Mwisho, zungumza na mwenye gari mapema. Mwenye tuktuk anahesabu kila siku asiyoingia barabarani, kwa hiyo mwambie tangu siku ya kwanza kwamba kazi ya siku tatu za Januari inaweza kuchukua juma zima mwezi wa Mei. Mwambie pia kuwa likishapigwa rangi litalala chini ya paa usiku wa kwanza na wa pili, awe amelipia au hajalipia.