Aliyezama mpe pumzi kwanza

Hapa Mikindani mtu akiopolewa majini, wengi hukimbilia kumkamua tumbo. Acheni hayo, jamani. Mlaze chali mahali pagumu, mchanga laini unadidimia. Mwite. Hajibu, hapumui? Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma. Daktari Peter Safar, Mwaustria aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, alilithibitisha hilo miaka ya 1950: ulimi ukilegea unaziba njia ya hewa. Mbane pua, mpulizie mdomoni mara 2, kifua kinyanyuke. Kisha viganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kandamiza sentimita 5 hivi mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Ubavu ukilia, endelea tu. Pumzi 2 tena, mwenzako akitafuta gari.