Kushona vazi la kuogelea la miaka ya 1950 kwa paterni ya zamani, na habari ndefu ya mgongo wake

Wiki mbili zilizopita fundi mwenzangu wa Tanga alinitumia picha ya bahasha iliyokwishageuka rangi ya chai, na swali moja: "Dada, hiki kitu kinashonwaje?" Ndani kulikuwa na paterni (karatasi za kukatia kitambaa) ya vazi la kuogelea, ya kampuni ya Marekani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mteja wake aliletewa na shangazi yake anayeishi Uingereza, na anataka lile lile la kwenye mchoro: kamba ya shingoni, kisketi kifupi mbele, mgongo uliofinywa. Tulitumiana sauti za WhatsApp siku tatu. Mimi nimeshashona matatu ya aina hiyo na la kwanza lilinitesa vibaya, kwa hiyo naandika hapa nilichomwambia, ili safari nyingine nitume maandishi nipumzishe koo.

Jinsi ya kuunga pembeni na kutia zipu sielezi. Kama hayo bado, anza na sketi.

Jambo la kushika kabla hujagusa mkasi: paterni hii haikuchorwa kwa ajili ya kitambaa kinachovutika. Uzi ule tunaouita laikra ulivumbuliwa mwaka 1958 na mwanakemia Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont. Nyuzi za mpira zilikuwepo tangu miaka ya 1930, na viwanda vilifuma nazo nguo za kuogelea, lakini mama wa nyumbani aliyeshona mwenyewe alitumia pamba ya kawaida. Ndiyo maana mgongo unafinywa kwa lastiki: hapo ndipo penye kuvutika, kwingine kote ni kitambaa kilichotulia. Ukichukua paterni hiyo ukakata laikra, kifua kitalegea na makalio yatabaki na mifuko ya hewa. Nimeona mtu amefanya hivyo, kisha akailaumu paterni.

Hatua ya 1: Soma inchi za kifua, saizi achana nayo

Saizi 12 ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ya kifua cha inchi 30. Baadaye muongo ule ule ikawa 32, na mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni zilipobadilisha tena vipimo, ikawa 34. Namba ile ile, wanawake watatu tofauti. Angalia nyuma ya bahasha palipoandikwa kifua, kiuno na hipsi kwa inchi. Bahati nzuri sisi mafundi wa huku bado tunapima kwa inchi, hakuna kubadilisha kitu.

Kwa mwenye matiti makubwa, nachagua paterni kwa kipimo cha juu ya matiti, futi ya kupimia ikipita chini ya makwapa, halafu naongeza nafasi mbele tu. Ukichagua kwa kifua kizima, mabega na kwapa vitampwaya.

Kama umenunua paterni ya zamani iliyochapishwa upya (Butterick na Vogue wamewahi kuzitoa), vipimo vimeshabadilishwa kuwa vya siku hizi, basi soma jedwali lao. Kama ni faili la kuchapisha steshenari, msimamie kijana wa kompyuta asiliache lipunguzwe kuingia kwenye A4. Pima kwa rula kile kiboksi cha majaribio, kilichochorwa ili uhakiki vipimo, kabla hujalipa.

Hatua ya 2: Nakili

Usikate karatasi ya asili. Narudia: usikate. Nakili kwenye karatasi ya kaki, ile ya kujalidia madaftari. Karatasi ya paterni ya zamani inapasuka kama ganda la kitunguu, inyooshe kwa pasi vuguvugu isiyo na maji.

Ukikuta karatasi haina maandishi yoyote, ina matundu tu, usidhani imeliwa na wadudu. Paterni nyingi za miaka ya 1930 na 1940 hazikuchapwa mistari, zilitobolewa. Matundu makubwa na madogo yana maana tofauti: mwelekeo wa uzi wa kitambaa, mahali pa kukunja, ncha za dati (mikunjo iliyoshonwa ya kulipa vazi umbo la mwili). Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na ufunguo wake uko kwenye karatasi ya maelekezo. Hapo hapo angalia nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, imewekwa inchi ngapi. Usikisie.

Hatua ya 3: Kitambaa

Hapa sisi tumependelewa. Kanga ni pamba nyepesi, haivutiki, ina rangi za kuchekesha jua. Ni kitambaa ambacho paterni hii ilikuwa inakitafuta. Doti moja inatosha vazi na kisketi kwa mwili wa kawaida. Kitenge nacho kinafaa, ila kile kizito chenye nta mimi sikipendi kwa kazi hii, na sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Loweka usiku kucha, fua, anika, piga pasi. Kisha chovya kipande kwenye maji ya chumvi na ukibane na kitambaa cheupe. Nyekundu ikihamia, hamishia mawazo kwenye kanga nyingine, maana mteja atatoka baharini na mapaja ya waridi.

Na maandishi ya kanga yapangie mahali mapema. Vazi langu la pili nilikata kwa haraka, jina likaangukia nyuma, chini kabisa: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Mteja alicheka hadi akakaa chini. Nililipa kanga nyingine mimi mwenyewe.

Hatua ya 4: Nguo ya majaribio

Mimi nashona ya majaribio kwa marekani, ile pamba mbichi ya bei rahisi. Jina lake lilitokana na meli zilizokuwa zikiileta Zanzibar kutoka Salem, Massachusetts, karne ya 19, kwa hiyo paterni ya Marekani inajaribiwa kwa marekani, na mimi hilo hunifurahisha kila mara.

Kipimo kinachoua vazi hili ni urefu wa kiwiliwili, kuliko hata kifua. Weka futi begani, ipitishe mbele kati ya mapaja irudi nyuma hadi bega lile lile. Pima na kwenye paterni njia hiyo hiyo, ukitoa nafasi za mishono. Laikra ingesamehe inchi mbili, pamba haisamehi hata moja. Ikipungua, kata karatasi kwa mlalo kati ya kifua na kiuno, itenganishe mbele na nyuma kwa kiasi sawa.

Kisha mwambie mteja avae hiyo marekani akae kwenye kiti, achuchumae, anyanyue mikono yote miwili. Akisimama wima mbele ya kioo kila vazi linapendeza.

Hatua ya 5: Kata

Kanga na bitana (kitambaa cha ndani) pamoja. Bitana iwe pamba nyeupe nyepesi. Chupi ya ndani pekee ndiyo naikata kwa jezi inayovutika.

Hatua ya 6: Mgongo

Haya, vuta kiti.

Mgongo unafinywa kwa uzi wa lastiki unaokaa kwenye bobini (kile kidude cha duara kinachobeba uzi wa chini wa cherehani), uzi wa kawaida juu. Kwa maneno ni sentensi moja. Kwangu mara ya kwanza ilichukua kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku, na nilifumua mistari kumi na nane, mkono kwa mkono, nikiwa nimeshamwambia mteja aje asubuhi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujaza bobini kwa gurudumu la cherehani. Gurudumu linavuta uzi hadi mwisho wake, kwa hiyo unaingia kwenye bobini ukiwa umeshachoka, na ukitoka ama unafinya kupita kiasi ama unakatika. Jaza kwa mkono. Zungusha taratibu, uzi ulale bila kulegea na bila kuvutwa. Usijaze hadi ukingoni.

Kosa la pili ni kitenge chenye nta nilichokuwa sijakifua. Kilikuwa kigumu kama kalenda ya ukutani, lastiki yenyewe ikashindwa kukikunja. Nilikaa masaa matatu nikichezea skrubu za cherehani wakati tatizo liko kwenye kitambaa. Baada ya kukifua mara mbili kikaanza kutii, kwa shingo upande.

Sasa cherehani. Nitasema wazi: kwa kazi hii naamini Singer nyeusi ya kukanyaga kuliko hizi za plastiki zenye mishono themanini. Unaendesha kwa kasi ya mguu wako, na kesi ya bobini, kile kikombe chake cha chuma, inatoka mkononi ukaiona. Pembeni mwa kesi kuna skrubu ndogo inayobana uzi. Ilegeze robo mzunguko kwenda kushoto, ujaribu, kisha robo nyingine kama bado. Ifanye juu ya sahani. Skrubu hiyo ikidondoka sakafuni umeipoteza. Bora zaidi, nunua kesi ya pili, itie alama ya rangi ya kucha, iwe ya lastiki tu. Kesi ya kila siku usiiguse. Wenye cherehani ambayo bobini inadumbukizwa kutoka juu hamhitaji kulegeza sana, wakati mwingine hamhitaji kabisa. Ongezeni tu mkazo wa uzi wa juu kidogo. Ile ya zamani zaidi yenye bobini ndefu kama sindano inabeba lastiki kidogo mno, utajaza kila baada ya mistari miwili mitatu.

Urefu wa mshono uwe mrefu kuliko yote uliyonayo. Kisha usiende moja kwa moja kwenye kanga. Kata kipande cha inchi 10 cha kitambaa hicho hicho, piga mistari mitano yenye nafasi ya robo inchi hadi tatu ya nane ya inchi, pima. Tuseme inchi 10 zimekuwa 6. Kama mgongo uliomalizika unatakiwa uwe inchi 9, unahitaji kitambaa cha inchi 15. Linganisha na kipande cha paterni: kimeshakatwa kipana kwa ajili hiyo, na maelekezo yatasema kifinywe hadi inchi ngapi. Lakini lastiki yao ya mwaka 1951 siyo hii ya Kariakoo, na hata Kariakoo maduka mawili jirani yanauza nyuzi zisizofanana. Nunua zote unazohitaji kwa siku moja, duka moja. Mimi hupunguza inchi moja zaidi ya maelekezo, kwa kuwa pamba ikilowa inakuwa nzito na mgongo unashuka.

Chora mistari yote kwa chaki kabla ya kuanza. Mstari wa kwanza hautafinya karibu chochote. Usiogope, usiguse skrubu! Hapa ndipo fundi wa Tanga alipokwama, alifumua mstari wa kwanza mara nne. Wa pili utafinya kidogo, kufika wa tano utaona sura. Kuanzia wa pili, vuta kitambaa kinyooke chini ya mguu wa cherehani, mkono mmoja mbele mmoja nyuma, la sivyo unashona juu ya makunyanzi na mistari inaenda upogo.

Mwisho wa mstari usirudishe mshono nyuma. Lastiki haishiki kwa kurudishwa, itachomoka siku ya kwanza majini. Acha mikia ya inchi tatu, funga mafundo mawili mawili uzi wa juu na wa chini, kisha mshono wa pembeni upite juu ya mafundo hayo, na urudie mara ya pili. Bobini ikiisha katikati ya mstari, fumua mstari huo hadi mwanzo. Nimejaribu kuunga katikati. Inaonekana, na inaachia.

Ukimaliza, mvuke. Shika pasi juu ya kitambaa bila kugusa, mvuke ushuke, na utaona mgongo unajikusanya wenyewe kama konokono. Pasi ya mkaa nayo inaweza: tandika kitambaa kilicholowa, ining'inize pasi juu yake. Usikandamize. Joto la kukandamiza linaua mpira, na hakuna dawa.

Bitana ya mgongo usiifinye pamoja. Mimi siiweki kabisa sehemu hiyo.

Hatua ya 7: Kifua

Mchoro unaonyesha kifua kilichosimama, na kinasimama kwa vijiti. Tumia vile vya plastiki vya magauni ya harusi. Ukivikosa, nenda duka la vifaa vya umeme ununue tai za plastiki pana za kufungia nyaya, kata kichwa, lainisha ncha kwa moto wa kiberiti, vifunike kwa utepe wa pamba. Chuma hapana, kitapata kutu kwa maji ya chumvi na kuacha mistari ya kahawia. Kwa sababu hiyo hiyo zipu iwe ya plastiki, na uzi uwe wa polyesta. Zipu inakaa ubavu wa kushoto.

Hatua ya 8: Unganisha

Kama gauni.

Kamba ya shingoni tu ndiyo ishonwe mwisho, mteja akiwa amevaa. Weka kifungo na matundu mawili, moja la kavu na moja la majini.

Hatua ya 9: Baada ya bahari

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa kama ni bwawa lenye klorini, maana klorini inakula mpira. Anika kivulini, limelazwa. Ukilining'iniza likiwa limelowa, uzito wa maji unanyoosha ule mgongo uliokutoa jasho.

La Tanga liliingia majini Jumapili. Nimetumiwa sauti: mistari yote imeshika, mteja ameagiza la pili kwa ajili ya dada yake, na kamba ya shingo imezidi nusu inchi. Nilimwambia aishone mwisho, mteja akiwa amevaa.