Moyo wa mzee unaruka-ruka kijijini? Anza na vidole vyako

Mama alikuwa analalamika "moyo unaruka kama panzi" na sisi tunamjibu ni uzee tu Mama, pumzika, jirani naye anasema ametupiwa kitu. Miezi ikaenda hivyo hapa kwetu nje ya Arua, Uganda, mpaka siku moja daktari wa kituo cha afya alimshika mkono dakika nzima, kimya, halafu akakunja uso. Kumbe mapigo hayakuwa na mpangilio kabisa.

Basi wewe unayekaa na mzee kijijini, ECG, ile mashine ya kuchora mapigo ya moyo, iko mbali lakini vidole unavyo. Mkalishe dakika tano hivi atulie, asiwe ametoka kuchota maji. Mgeuzie kiganja juu, weka vidole viwili au vitatu chini ya kidole gumba chake, kwenye kile kibonde cha mkono, usitumie gumba lako maana lina mapigo yake litakudanganya. Washa saa ya simu uhesabu sekunde 60 kamili. Ile ya kuhesabu 15 halafu unazidisha kwa nne achana nayo, mapigo yakiwa ovyo utapata uongo. Kwa mtu aliyetulia, 60 mpaka 100 ni kawaida, ila sikiliza zaidi mwendo wenyewe: tu-tu… tu… tu-tu-tu… tu, kama mtoto anayejifunza ngoma, hiyo mpeleke. Andika kwenye lile daftari lake la hospitali: tarehe, saa, namba, na neno moja, sawa au ovyo. Mashine za presha za betri nazo huchanganyikiwa na moyo wa namna hii, pima mara tatu usiamini ya kwanza.

Vituo vingi vya ngazi ya III havina ECG, kwa hiyo omba rufaa ya hospitali, na kabla hujalipa boda piga simu uulize mashine inafanya kazi na karatasi zake zipo? Sisi tulifika tukaambiwa karatasi zimeisha, Mama amekaa kwenye benchi tangu asubuhi na uji wake kwenye chupa. Vali, yaani ule mlango wa ndani ya moyo, ikishukiwa mtaambiwa mfanye eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na kesi ngumu hutumwa Uganda Heart Institute pale Mulago, Kampala, kutoka huku ni safari ya zaidi ya kilomita 450, pangeni pesa mapema.

Kinachoogopesha hasa ni damu kuganda ndani ya moyo halafu inapanda kichwani, kiharusi. Ugonjwa huu wa mapigo ovyo, madaktari huandika AF, unaongeza hatari hiyo kama mara tano. Aspirini ya dukani haizuii vya kutosha, ndiyo maana wengi wanaandikiwa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na mwenye vali iliyobana kwa ile homa ya baridi yabisi ya utotoni kwa kawaida hubaki na hiyo hiyo hata kama dawa mpya zipo.

Warfarin haitaki mchezo. Saa ile ile kila jioni, akisahau siku moja usimpe mbili kesho yake. Kipimo chake ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa AF wengi wanatakiwa wawe kati ya 2 na 3, mwanzoni mnapima mara kwa mara, ikitulia ndiyo mnaachia nafasi. Mchicha, ile dodo yetu, pamoja na sukuma, ale tu ila kiasi kile kile, sio wiki hii sufuria nzima wiki ijayo hakuna. Pombe ya waragi hapana. Na duka la dawa ndiyo hatari yenyewe jamani! Mzee anaumwa goti anachomwa diclofenac, tumbo anapewa Flagyl, au anaongezewa Septrin, zote hizo na warfarin zinaweza kumtoa damu. Mimi niliandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari ANAKUNYWA WARFARIN, muuza dawa asome kabla hajafungua kopo. Choo cheusi, mkojo mwekundu, fizi zinatoka damu, au kaanguka akagonga kichwa, mnaenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigongana, angalia saa uiandike, usimpe maji wala aspirini, tafuta gari. Akizimia, kifua kikibana, au anahema akiwa amekaa tu, ni hivyo hivyo, gari. Boda ni shida kwa mtu aliyelegea, kwa hiyo namba ya jirani mwenye gari tumeibandika mlangoni, na ya shemeji yake, maana huyo wa kwanza huzima simu usiku.