Mboji ya jaba nyumbani, Mwanza: soma yote kabla ya kuuliza

Kila wiki naulizwa: jaba langu (pipa la plastiki) la mboji linanuka, nifanyeje? Nikimjibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Leo naandika yote kwa pamoja, kwa ajili ya sisi tunaoishi juu ya mawe. Huku kwetu ukichimba futi moja jembe linalia, ndiyo maana natumia jaba na si shimo.

1. Tafuta jaba la lita 200, liwe lilibeba chakula au sabuni. Lililobeba dawa za sumu, achana nalo hata ukipewa bure.

2. Toboa kwa nondo ya moto: matundu kama 15 kwenye kitako, na ubavuni kila baada ya shubiri moja.

3. Liinue juu ya mawe matatu, kivulini. Angalia mteremko: kinachochuruzika kisielekee kwa jirani wa chini.

4. Tandika vijiti na mabua chini, unene wa kiganja.

5. Changanya mabichi na makavu. Hapa naomba utulie.

Mara ya kwanza nilishuka ziwani nikarudi na viroba sita vya magugu maji. Niliona ni mali ya bure. Nikayashindilia mabichi vilevile, nikaongeza maganda ya viazi na mabua ya matembele, nikafunika. Magugu maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Siku ya tano lundo lilikuwa limenywea hadi nusu, na chini yake uji mweusi wenye harufu ya yai viza. Usiku ule mvua ikanyesha. Uji ukapita kwenye matundu, ukateremka hadi kwenye karo la kufulia la jirani yetu wa chini, mama mwenye watoto wachanga. Nilisugua karo lile kwa majivu asubuhi nzima na harufu haikutoka. Hakusema neno. Heri angenifokea.

Kilichokosekana ni hewa. Vijidudu wanaoozesha vizuri wanavuta hewa kama sisi. Ukiwazamisha majini wanakufa, wanabaki wale wasiohitaji hewa, na hao ndio wenye uvundo.

Kwa hiyo magugu maji yakate kwa panga, yaanike juu ya jiwe siku mbili tatu. Hapa mawe yetu yanatufaa kweli: jua linachoma juu, jiwe linachoma chini. Yakisinyaa na bua likikatika kwa mlio, yako tayari. Yachukue kabla hayajatoa maua ya zambarau, maana mbegu zake hukaa miaka mingi bila kufa. Usiyachukue kwenye midomo ya mitaro ya mjini wala ya Mto Mirongo, kwa sababu mmea huu hunyonya madini mazito. Na mabaki usiyatupe kwenye bwawa wala mfereji, kipande kidogo tu huota upya.

Kipimo: ndoo moja ya mabichi kwa ndoo mbili za makavu. Mabichi ni maganda, mboga zilizonyauka, majani ya chai, nyasi mbichi. Makavu ni majani yaliyopukutika, mabua ya mahindi, maranda, maboksi yaliyochanwa. Usiweke nyama, samaki, mafuta ya kupikia, wala kinyesi cha mbwa au paka.

Kisha jaza kiganja, kamua kwa nguvu. Tone moja au mawili yakitokea katikati ya vidole, ni sawa. Yakitiririka hadi kwenye kiwiko, ongeza makavu. Ukifungua kiganja donge likasambaratika, nyunyiza maji.

6. Kila tabaka, koleo moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi.

7. Kila siku saba hadi kumi mwaga vyote juu ya turubai, geuza, rudisha. Asubuhi na mapema utaona mvuke ukipanda. Lundo kubwa hufika nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu. Jaba mara nyingi halifiki huko, kwa hiyo magugu yenye mbegu usiweke.

8. Miezi mitatu hivi. Ikinukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza, na hutambui tena ganda wala jani, chekecha utumie.

MASWALI

Mkuu, sijasoma yote, niko kazini. Naanza na nini?

Hatua ya 1.

Langu linanuka, ila si yai viza. Linachoma pua kama mkojo. Makavu nimeweka. Kwa nini harufu ni tofauti?

Asante dada kwa kunusa vizuri. Hiyo ni amonia, naitrojeni inakukimbia kwenda hewani. Bila shaka umetia mbolea ya kuku, au majivu mengi, au vyote. Kuku ana naitrojeni nyingi kuliko ng'ombe, na majivu yanaifukuza. Ongeza maranda au maboksi, geuza, acha majivu. Yai viza maana yake hewa haipo; mkojo maana yake chakula cha vijidudu kimezidi upande mmoja.

Nimeweka mapanki ya samaki kutoka mwaloni, sasa kenge wanashinda hapa. Mbona hukutuonya?

Nimeonya, hatua ya 5, mwisho wa kipimo. Sikusema samaki si mbolea, nimesema asiwekwe jabani nyumbani. Yatoe leo, yafukie shamba la mbali, kina cha nusu mita.

Maranda yoyote yanafaa?

Muulize fundi kwanza. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, maranda yake usiguse. Pumba ngumu za mpunga zinaruhusu hewa vizuri, ila zinachelewa sana kuoza. Mimi sizidishi ndoo moja kwa jaba.

Sisi wa Igogo hatuna udongo kabisa, ni jiwe tupu. Mboji tuipeleke wapi?

Kwenye viroba, mama. Sehemu moja mboji, mbili udongo, toboa chini. Mchicha na chainizi vinakubali sana. Mboji peke yake usipande, inakauka haraka.

Sisimizi wamejaa ndani ya langu.

Kavu hilo. Nyunyiza maji, geuza.

Nimegeuza leo, nikakuta mabuu manene meupe, yamejikunja. Yanakula mboji yangu? Niyaue?

Hapana kaka, hayo yanakula vigumu vilivyobaki, yanakusaidia. Ila wakati wa kuchekecha yatenge yote, yakiingia kwenye kiroba chenye miche yanaweza kutafuna mizizi. Mimi nawamwagia kuku kwenye turubai, na wakishachakura hapo kazi ya kugeuza imeshafanyika nusu.