Ethanoli nyingi kwenye gari la turbo, kwa wenye magari ya Kigoma na Tabora

Kabla hujanunua hata nozeli moja (kifaa kinachopulizia mafuta kwenye injini), jibu kwanza swali hili: ethanoli utaipata wapi, na ikikuishia njiani utafanyaje? Vituo vya mafuta vya Kigoma na Tabora vinauza petroli na dizeli. Pampu ya E85 (mchanganyiko wa ethanoli asilimia 85 na petroli 15) hakuna. Ethanoli inayofika huku inatoka viwandani kwa madumu na mapipa, na mzigo wa leo si lazima ufanane na wa mwezi uliopita. Barabara ya kutoka Tabora kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma inazidi kilomita 400, na katikati huko kote utakachopata ni petroli. Gari lililotyuniwa kwa E85 peke yake litakwama. Tunachoelekeza hapa ni gari lenye sensa ya ethanoli, ambalo kompyuta yake inajirekebisha yenyewe kuanzia petroli tupu hadi E85.

Faida yenyewe ni kubwa. Okteni ya ethanoli (RON) ni karibu 108, na inapogeuka mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya petroli. Hewa inapoa ndani ya silinda, nokingi (mafuta kujilipua kabla ya wakati na kugonga injini) inachelewa, na unapata nafasi ya kuongeza busti (presha ya hewa ya turbo) na taimingi (kuwahisha cheche ya plagi). Gharama yake ni ulaji wa mafuta. Petroli inaungua sawasawa kwa uwiano wa hewa na mafuta wa 14.7 kwa 1, ethanoli tupu kwa 9 kwa 1, E85 kwa karibu 9.8. Ukikanyaga hadi mwisho kwa E85, nozeli zitamwaga lita kama asilimia 35 zaidi ya petroli.

Kwa huku, lenga E40 hadi E50 kwa matumizi ya kawaida. Sehemu kubwa ya kinga dhidi ya nokingi inapatikana hapo, na akiba yako ya ethanoli inadumu karibu mara mbili. E85 iweke kwa siku maalumu.

Kupima ethanoli

Hapa ndipo injini nyingi zinapona au zinapokufa, kwa hiyo usipaharakishe.

Nunua ethanoli ya kiwandani yenye risiti na maelezo ya ukali wake. Gongo usiifikirie kabisa: ina maji mengi mno, na hakuna anayejua ndani yake kuna nini kingine. Spiriti yenye rangi nayo iache, kwa sababu mara nyingi imechanganywa na methanoli, ambayo inakula alumini na inahitaji mafuta mengi zaidi ya ethanoli (uwiano wake ni 6.4 kwa 1).

Kipimo cha kwanza ni haidromita ya pombe, ile inayosoma asilimia kwa ujazo katika nyuzi 20. Asilimia 99 na zaidi ni nzuri kwa mchanganyiko wowote. Asilimia 95 hadi 96 inafaa ukifuata tahadhari za hapa chini. Chini ya 94, rudisha. Angalia na joto: mchana wa Kigoma wa nyuzi 30, ethanoli imetanuka na haidromita itakudanganya kwa takriban asilimia 2 juu. Iliyo 96 itasoma kama 98. Pima asubuhi mapema au poza sampuli kwa kuzamisha chupa kwenye ndoo ya maji, na uweke kipimajoto pembeni. Kama muuzaji ameshaitia petroli ili isinyweke, haidromita haisemi ukweli tena. Tumia kipimo cha tatu.

Kipimo cha pili ni chupa ya kioo. Changanya ethanoli na petroli kwa kiwango kilekile utakachotumia kwenye tangi, funga, acha nje usiku kucha, kivulini na mbali na moto. Asubuhi angalia kwa mwanga. Ukiona ukungu, au tabaka dogo chini, mchanganyiko huo umetengana na hauingii kwenye gari. Wengi wanashangaa hapa: kadiri ethanoli inavyokuwa ndogo ndivyo mchanganyiko unavyoshindwa kubeba maji. E10 inabeba maji kama nusu asilimia tu, E85 inabeba mengi zaidi. Kwa hiyo ethanoli ya 96 inaweza kutulia vizuri kwenye E85, halafu ikaleta shida unapoizimua kwa petroli nyingi. Tabora mwezi wa Juni na Julai baridi ya alfajiri inaongeza hatari hiyo, kwa hiyo rudia kipimo msimu ukibadilika.

Kipimo cha tatu kinakupa asilimia ya ethanoli kwenye mafuta yaliyokwisha changanywa. Chukua silinda ya kupimia ya ml 100, tia maji ml 50, ongeza mafuta ml 50, funga, tikisa, subiri dakika kumi. Ethanoli inashuka kuungana na maji, petroli inabaki juu. Soma ml za petroli, zidisha kwa 2, toa kwenye 100. Petroli ikibaki ml 10, una E80. Ikibaki ml 26, una E48.

Kwa nini kazi yote hii wakati sensa ipo? Kwa sababu sensa inapima tabia ya umeme ya mafuta, na maji kwa tabia hiyo yanaonekana kama ethanoli nyingi. Mafuta yenye maji yataifanya kompyuta iamini una ethanoli kuliko uliyonayo, iongeze taimingi, na wewe unakanyaga ukiwa na imani.

Vifaa

Chukua mfano wa Toyota Chaser au Mark II ya JZX100 yenye injini ya turbo ya silinda sita, 1JZ-GTE, ambayo unataka ifike farasi 350 kwenye injini. Kwa E85, kila farasi mmoja unahitaji takriban cc 7.5 za mafuta kwa dakika. 350 mara 7.5 ni 2,625. Gawanya kwa nozeli sita: 437. Nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo gawanya tena kwa 0.85, unapata cc 515. Nozeli za kiwandani za takriban cc 380 hazifiki. Weka 550 kama kima cha chini. 650 ni chaguo bora, kwa kuwa linakuachia nafasi. Nunua seti iliyopimwa pamoja, yenye data ya kuchelewa kufunguka kwa kila volti. Bila data hiyo gari halitatulia sailensi.

Hizo cc 2,625 kwa dakika ni lita 157 kwa saa. Ongeza robo ya akiba, unatafuta pampu inayotoa karibu lita 200 kwa saa. Lakini itoe hizo kwenye presha halisi: baa 3 za msingi jumlisha busti ya baa 1.2 ni baa 4.2. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa bila mzigo. Chagua pampu ambayo mtengenezaji mwenyewe ameandika inakubali E85, kwa mfano Walbro F90000267. Ile 255 ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na relei, halafu pima volti kwenye pampu yenyewe injini ikiwa inafanya kazi. Chini ya 13 kuna waya au ethi mbovu.

Mipira ya mafuta ibadilishe yote, pamoja na kile kipande kifupi kilicho ndani ya tangi, ambacho mafundi wengi wanakisahau na ndicho kinachopasuka kwanza. Tumia mipira yenye utando wa ndani wa PTFE (tefloni). Mpira wa asili, gasketi za koki (gome laini kama la kizibo cha chupa) na za karatasi ziondoe. Sehemu zenye zinki na alumini isiyopakwa kinga hazifai kukaa kwenye ethanoli.

Chujio la karatasi lipishe la wavu wa chuma cha pua wa maikroni 10 baada ya pampu. Magari mengi yetu ni ya mtumba, yamekaa miaka na petroli, na ethanoli itabandua utando wote ulioganda kwenye tangi. Shusha tangi ulisafishe kwanza. Hata hivyo, safisha chujio baada ya kumaliza tangi la kwanza, na tena baada ya la tatu.

Sensa ya ethanoli (za Continental ndizo zilizozoeleka) ifunge kwenye paipu ya kurudishia mafuta. Ina nyaya tatu: volti 12, ethi, na ishara. Hezi 50 maana yake hakuna ethanoli, 150 maana yake ni ethanoli tupu. Ikisoma juu ya 150, shuku maji au uchafu, na usikanyage.

Kutyuni

Unahitaji kompyuta inayosoma sensa hiyo. Link, Haltech na ECUMaster zote zina uwezo huo. Tengeneza kwanza ramani kamili ya petroli, gari litembee vizuri, ndipo ujenge ya ethanoli juu yake. Soma lambda (1 ni kuungua sawasawa kwa mafuta yoyote, chini ya 1 ni mafuta mengi), siyo namba za uwiano: geji nyingi zinaandika 14.7 hata ndani ya tangi kukiwa na E85. Ukikanyaga hadi mwisho kwa E85, lambda 0.78 hadi 0.82 ni mahali salama.

Taimingi ongeza nyuzi moja moja huku ukiangalia nguvu, na nyuzi 3 hadi 6 juu ya petroli kwa kawaida zinatosha. Kwenye petroli nokingi ingekuonya usimame. Kwenye ethanoli onyo hilo huenda lisije kabisa: taimingi inazidi kimya kimya, presha ya silinda inapanda, na konrodi inapinda bila sauti. Nyuzi iliyoongezwa bila kuleta nguvu, iondoe. Plagi weka za baridi (zinazopoteza joto haraka) kwa hatua moja, pengo milimita 0.6 hadi 0.7.

Sensa ikifa, kompyuta ifanye mambo matatu: mafuta yabaki kwenye asilimia ya mwisho iliyosomwa, taimingi irudi ya petroli, busti ishuke hadi ile ya springi ya wesgeti (mlango unaozuia presha ya turbo isizidi). Ukiiacha kompyuta idhani ni petroli tupu wakati tangini kuna E85, nozeli zitamwaga kidogo mno na pistoni zitaungua.

Kuchanganya na kuhifadhi

Kupata lita 40 za E50 kwa ethanoli ya 96: gawanya lita 20 kwa 0.96, unapata 20.8. Petroli ni 19.2. Usitumie ethanoli tupu. Asilimia 15 ya petroli inasaidia gari kuwaka asubuhi ya baridi na inaufanya moto uonekane.

Hilo la moto lina uzito. Ethanoli inapoungua mchana mwali wake karibu hauonekani. Mtu anaweza kuusogelea bila kujua. Povu la kawaida la kuzimia linayeyuka juu yake. Weka karibu kizimamoto cha poda kavu, unganisha pipa na ardhi kwa waya kabla ya kumimina, na usihifadhi ndani ya nyumba wanamolala watu.

Tumia madumu mapya ya plastiki ngumu. Dumu lililobeba mawese au asali halisafishiki kiasi cha kutosha, na mabaki yake yataganda kwenye nozeli. Lijaze hadi karibu na mdomo na ulifunge vizuri, kwa kuwa ethanoli inavuta unyevu wa hewa, na masika ya pembeni mwa Ziwa Tanganyika yana unyevu wa kutosha.

Oili badilisha kila kilomita 3,000. Safari fupi fupi za mjini zinaacha ethanoli na maji kwenye oili. Kijiti kikitoka na utando kama maziwa, endesha safari ndefu injini ipate moto, na kama haukuondoka, mwaga. Gari likienda kukaa zaidi ya wiki mbili, maliza ethanoli, tia petroli, liendeshe hadi sensa isome chini ya asilimia 10, ndipo ulizime.